Thina ya Mjomba na Keki ya Bibi

Saa tatu asubuhi Redio aliingia uani amekumbatia maua. Si moja wala mawili, ni fungu zima, mekundu na ya njano, mengine yametoka na mizizi na udongo wake. Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, tukasikia jirani anauliza ni mbuzi wa nani huyo.

Redio ni mwanangu wa pili, yuko darasa la tano. Jina alipewa na mama yake kwa sababu huanza matangazo alfajiri na hafungi stesheni mpaka usingizi umkatishe katikati ya habari. Asubuhi hiyo taarifa yake ilikuwa fupi.

"Dada kasema nilete flawa. Flawa hizi hapa."

Dada mtu alikuwa amekaa chini ya mwembe, beseni la mayai na sukari mapajani. "Flour!" akalia. "Unga! Unga wa ngano!"

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, najua umeshaelewa. Miaka saba amesoma hesabu, sayansi na ramani ya dunia kwa Kiswahili. Januari ikafika, akafungua begi, vitabu vyote vimegeuka Kiingereza isipokuwa kile cha Kiswahili chenyewe. Binti yangu, ambaye humu ndani tunamwita Profesa, ameamua kupambana na mabadiliko hayo kwa kukata Kiswahili kabisa. Shuleni kwao bwenini ukisikika unasema Kiswahili unaandikwa jina, basi likizo ya Juni kaja nayo tabia hiyo kama mtu aliyekuja na kikohozi. Chumvi ni "salt". Kivuli cha mwembe ni "shadow", na nikimwambia kile tunachokalia ni "shade", ananitazama kana kwamba nimemhamishia kigingi. Na unga ni "flour", neno ambalo kwa sikio la Redio, na hata kwa sikio la Waingereza wengi, halitofautiani na lile la ua.

Nilitoka chumbani kumtetea mtoto. Kazi yangu ni kutafsiri: vipeperushi vya wakulima, maelekezo ya dawa za mifugo, mikataba ya nyumba. Asubuhi ile nilikuwa nimekwama kwenye karatasi mbili za elimu ya nyoka, kwa sababu Mwingereza ana neno lake kwa sumu unayoingiziwa na jino la nyoka, na neno jingine kwa sumu unayoila mwenyewe ukafa, na sisi zote ni sumu. Nilikuwa nimekaa na maneno hayo mawili tangu Alhamisi. Nikasimama mlangoni nikawaambia ukweli wenyewe: "flour" na "flower" lilikuwa neno moja. Unga laini kabisa unaobaki baada ya kuchekecha, Waingereza waliuita ua la nafaka, kwa maana ya sehemu yake iliyo bora. Wakaandika vyovyote vile kwa mamia ya miaka. Hata Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 alikuwa hajayatenga. Kwa hiyo Redio hakukosea kwa ujinga, amekosea kwa kuchelewa kuzaliwa.

"Na huyo Samweli ndiye atakayemlipa jirani maua yake?" akauliza Msajili.

Msajili ni mke wangu. Hakuna tukio la nyumba hii asilolitunza, na tarehe yake, na nani alivaa nini. Asubuhi hiyo alikuwa na orodha mkononi, kwa sababu saa nane mama yake angeshuka kutoka Mgeta, kule juu Uluguru, na ilikuwa siku ya kutimiza miaka 70. Keki ilikuwa ahadi ya Profesa. Alikuwa na maelekezo yake ya Kiingereza kwenye simu ya mama yake, hatua kumi na mbili, na hakutaka msaada wa mtu.

Sasa, sufuria zito lenye mfuniko wa kubebea makaa, ambalo mtaa mzima hapa Kihonda, Morogoro, huokea keki, lilikuwa la jirani yule yule mwenye maua. Ikabidi Profesa aende akaombe radhi, na kwenye pumzi hiyo hiyo aazime sufuria.

Neno kuazima naomba nikae nalo kidogo, maana limemliza mwanangu. Katika mtihani wa katikati ya muhula aliandika kwamba jirani yake "borrowed me an umbrella". Wino mwekundu ukapita juu yake kama fyekeo. Akanipigia kwa simu ya matroni, kwikwi tupu, akisema hajui kosa liko wapi. Na kweli, angelijuaje? Ukisema "niazime mwavuli" unataka kupewa. Ukisema "nimeazima mwavuli" umeshachukua. Shina la kitenzi ni lile lile, halijabadili hata shati. Kile ki-ni- kidogo cha mbele, kikiwa cha mtendwa au cha mtenda, ndicho kinachotwambia mkono gani unatoa. Wapo wanaosema kuazimisha, lakini mlangoni kwa jirani utasikia "niazime". Mwingereza amejenga milango miwili, wa anayetoa na wa anayepokea, "lend" na "borrow", na ukipitia usio wako unaandikwa kosa.

Nilimwambia Profesa siku ile, na leo nakwambia na wewe: chukua wachinjaji wawili, uwape mbuzi wa namna moja. Nyama ni ile ile, ila huyu anapitisha kisu kwenye kifundo na yule anapitisha kwenye nyonga. Sisi mguu ni mguu, kutoka nyonga mpaka ukucha. Wao wanakata kifundoni, juu "leg", chini "foot". Sisi kivuli ni kimoja. Wao kile cha kupumzikia wanakitenga na kile kinachokufuata njiani, ingawa zamani zao yote mawili yalikuwa neno moja. Lakini kwenye nyumba, sisi tunakata wao hawakati. Sisi mpangaji anapanga na mwenye nyumba anapangisha, na hakuna mwenye akili anayechanganya. Kwao wote wawili wana-"rent". Ndiyo maana mkataba mmoja wa nyumba uliwahi kunikesheza siku mbili nikitafuta nani hasa anamlipa nani. Nao mpunga, mchele na wali kwao ni "rice" tu, shambani, gulioni na sahanini. Mtoto anayekosea hapo si mzito. Amepitisha kisu mahali mama yake alipomfundisha.

Sufuria likapatikana. Jirani alikubali radhi kwa sharti kwamba Redio atamwagilia bustani wiki nzima.

Hapo ndipo Fundi alipoamka.

Fundi ni shemeji yangu, mdogo wake Msajili, mjomba wa watoto wangu. Alikuja kwa wiki mbili Februari ya mwaka jana. Nampenda kwa dhati. Hajawahi kukaa bure hata nusu saa. Amefungua pasi yangu akairudisha ikiwa na parafujo mbili za ziada. Amehamisha swichi ya chumbani, sasa ukiwasha taa ya kwetu inazimika ya korido. Jumamosi hiyo alikuwa ameazimia kwamba mama yake akifika akute vyuma vya madirisha vinang'aa, basi alikuwa na rangi nyeusi, brashi mbili, tambara, na kopo la lita moja la thina. Akaweka vyote uani, hatua tatu kutoka kwenye jiko la mkaa la Profesa.

Msajili alimwona. Akamwuliza kama ile thina haitashika moto. Fundi akageuza kopo, akasoma lebo kwa sauti: "Inflammable."

Nimesimuliwa mazungumzo haya na watu watatu na yote yanalingana. Fundi alisema, "Dada, ile 'in' ya mwanzo inakataa." Akamgeukia Profesa athibitishe, na Profesa akathibitisha, maana ndiyo mada waliyosoma Mei: "correct", sahihi, "incorrect", si sahihi, "visible", inaonekana, "invisible", haionekani. Kwa hiyo "inflammable" haiwaki. Hesabu imekubali. Msajili, ambaye katika nyumba hii ni wa mwisho kudanganyika, akaona wasomi wawili wameafikiana, akarudi kwenye pilau lake.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa dukani. Msajili alinipigia nikiwa njiani, "Usisahau beking…" na mtandao ukakatika. Muuza duka akaniuliza ya aina gani, nikamwambia ya keki, akanipa kipakti, nikalipa. Juu kiliandikwa "Baking Soda". Kilichotakiwa kilikuwa "Baking Powder". Kosa lilikuwa langu na nililikubali jioni mbele ya wote.

Kama hayajakukuta, sikiliza, yatakukuta. Beking soda ni bikaboneti tupu. Ili itoe gesi ya kuumua keki vizuri inataka kitu kichachu cha kushirikiana nacho, maziwa mgando au ndimu. Beking pauda ni soda hiyo hiyo iliyokwisha kuchanganywa na unga wa asidi na wanga kidogo wa kuzuia unyevu, kwa hiyo imekuja na mwenzake. Kijiko kwa kijiko, soda ina nguvu kama mara tatu ya pauda. Na ikikosa uchachu, moto unaipasua yenyewe, na kinachobaki ndani ya keki ni ndugu wa magadi, yale yale tunayolainishia maharage.

Hilo ni la kwanza. La pili, maelekezo yalisema "3 tsp". Kijiko cha chai kinaandikwa "tsp", cha mezani "tbsp". Kimoja mililita 5, kingine 15, na kati yao pamesimama herufi b peke yake. Profesa alichukua kijiko cha mezani. Mara tatu kwa nguvu, mara tatu kwa ujazo: keki ya bibi iliingia sufuriani na nguvu ya keki tisa.

Mtu mmoja alijua. Kitindamimba wetu, miaka mitatu, tunamwita Mkaguzi kwa sababu hakuna kinachoingia uani bila yeye kukionja. Jumanne alikula chaki. Alhamisi nilimtoa mdomoni pedali ya baiskeli yake. Alichovya kidole kwenye ule uji wa keki, akaweka mdomoni, akautema chini na kuufuta ulimi kwa gauni la dada yake. Mtoto aliyekula chaki akatema keki, na sisi watu wazima tukacheka tukaendelea na shughuli.

Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Dakika kumi hazijafika, mfuniko ukaanza kuinuka. Nilikuwa nimesharudi, nimesimama mlangoni, nikaona kwa macho yangu: ukingo wa sufuria ukatoa ulimi wa manjano, ukateremka ubavuni, ukaangukia makaa, na moshi ukapanda mweusi wenye harufu ya sukari inayoungua na sabuni. Profesa akapiga kelele. Fundi, ambaye hajawahi kuona tatizo akalitazama, akaruka kutoka dirishani kuja kuokoa keki ya mama yake. Mfuniko ulikuwa wa moto, umejaa makaa. Akashika tambara lililokuwa karibu na mkono wake.

Tambara la thina.

Moto ule haukuanza kidogo kidogo kama wa kuni. Ulitokea wote kwa mara moja, wa bluu, ukipanda mkono mpaka kiwiko. Fundi akalitupa tambara, likaanguka kando ya kopo, na kopo lilikuwa wazi. Redio alinyamaza. Katika miaka yake kumi na mmoja sijawahi kumsikia amenyamaza vile.

Msajili ndiye aliyetuokoa. Kulikuwa na lundo la mchanga lililobaki tulipojenga choo cha nje, na beleshi limesimama juu yake. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Akamwaga beleshi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kopo likawa kilima, kisha akavua gunia kwenye mdomo wa pipa la maji, lilikuwa limelowa, akalifunika. Mimi nilikuwa nimebeba Mkaguzi kwapani na nimemshika Profesa mkono, na nilipotazama chini nikaona sina ndala hata moja.

Sisi watu wa Morogoro hatuna mzaha na mafuta yanapowaka. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka karibu na Msamvu, wakafa zaidi ya watu 100. Mtaani kwetu hakuna asiyemjua aliyezika. Kwa hiyo kwa muda hakuna aliyesema kitu pale uani. Msajili alikaa juu ya lundo la mchanga, beleshi magotini, akimtazama mdogo wake mkono. Mkono ulikuwa mzima. Malaika tu ndio walioungua, ukawa laini kama wa mtoto mchanga.

Ndipo Fundi, kwa sauti ndogo, akaniuliza: "Shemeji, si imeandikwa haiwaki?"

Nikakaa naye chini. Ile "in" ya kwenye thina siyo ile ya kukataa. Imetoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kutia moto, na maana yake ni ndani, kuingiza. "Inflammable" ni kitu kinachoingiwa na moto upesi. "Flammable", ambalo unaweza kulidhania kinyume chake, lina maana ile ile, lilikuja baadaye tu. Kitu kisichowaka wanasema "nonflammable". Na Fundi hakuwa mtu wa kwanza kuelewa vile: miaka ya 1920 chama cha kinga ya moto cha Marekani kilianza kuhimiza watu waandike "flammable" peke yake, kwa sababu waliona "inflammable" itakuja kuua mtu. Miaka 100 imepita, na kopo lenye neno lile lile likafika uani kwangu Kihonda, mbele ya watu wazima wawili na binti anayesomeshwa Kiingereza kwa ada, na wote watatu wakalielewa kinyume kwa hoja iliyonyooka kabisa.

Hilo ndilo linaloniuma, na silisemi kwa utani. Maneno yaliyofanana yakichanganywa kwenye mtihani, unapoteza alama. Yakichanganywa jikoni, unapoteza keki. Lakini neno la kuonya watu lisije kwao kwa lugha ya mtihani. Herufi nane za Kiswahili, INAWAKA!, zingetosha, hata ukihesabu alama ya mshangao. Mimi nimetafsiri maelekezo ya dawa za kupe mpaka ya namna ya kukunja boksi lake, na bado thina inauzwa kwa mafundi wetu na onyo ambalo hata wenye lugha yao walishalitilia shaka.

Nikiwa bado nazungumza, nikasikia Redio amefufuka: "Mjomba, kopo tupu hili, nitupe kwenye moto wa taka?"

Nilivyoruka, Msajili alidhani nimeumwa na nyoka. Kulikuwa na mtu Marekani, Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto kule Hartford, ambaye pia alikuwa mwanaisimu. Katika kuchunguza mioto alibaini kwamba wafanyakazi karibu na mapipa yaliyojaa petroli walikuwa waangalifu mno, lakini kwenye mapipa waliyoyaita matupu walikuwa wanavuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Na pipa tupu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke. Neno tupu liliwaambia hamna kitu. Whorf alikufa 1941, hajatimiza hata miaka 45, lakini siku ile alimwokoa Redio. Nililichukua kopo mwenyewe, nikaliacha wazi mbali na nyumba, kwenye upepo.

Saa nane na nusu mama mkwe akashuka kwenye gari la Mgeta na kabichi mbili, njegere kilo kadhaa kwenye mfuko wa salfeti, na kuku amefungwa miguu. Watoto nyuma ya mgongo humwita Hedimasta, maana amefundisha shule ya msingi mpaka kustaafu na bado hutembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba. Akasimama uani. Akanusa. Akatazama mchanga, gunia, ukuta wenye moshi, dirisha moja lililopakwa rangi na matatu ambayo bado, na mkono wa mwanawe.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba baba. Nani kaungua?"

"Hakuna, mama."

"Haya." Akaingia ndani, kwa sababu mama mkwe mwenye busara haulizi mara mbili mbele ya mkwe.

Keki tuliileta baada ya pilau. Tulikuwa tumekata kingo zilizoungua, ikabaki ya katikati, rangi ya kahawia iliyokolea, ina mashimo kama sifongo. Profesa aliibeba mwenyewe, mikono inatetemeka. Bibi akakata kipande, akala. Tukasubiri. Akatafuna kwa heshima ileile anayopokelea zawadi yoyote ya mjukuu, akameza, akanywa maji.

"Mjukuu wangu," akasema, "umetia magadi. Imekosa maharage tu."

Profesa akaanza kulia, halafu akaona bibi yake anakata kipande cha pili, akacheka na machozi bado yanatiririka. Na alipocheka akaanza kusimulia, kwa Kiswahili kitupu, kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze. Mambo ya siku ile hayakuwa ya kusimulika kwa lugha nyingine. Akasimulia flawa, vijiko, thina, na alipofika kwenye tambara akasema, "Ndipo anko akashika…"

"Nani?" Bibi akamkata.

"Anko. Mjomba."

"Kwa Kiingereza mjomba ni anko?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mdogo wake baba yako, kule Same?"

"Anko."

"Na mume wa shangazi yako?"

Profesa akasita. "Naye anko."

Bibi akaweka kipande cha keki chini. Usisahau kwamba kwa Waluguru ukoo unapita kwa mama. Ardhi ya ukoo inafuata upande huo, na mjomba ni mtu mzito. Neno lake kwa watoto wa dada yake ni zito kiasi kwamba baba, hata akilipa ada zote, hana budi kulisikiliza. Fundi anaponishauri kuhusu wanangu, shughuli ya pasi na swichi tunaiweka kando. Bibi akawahurumia Waingereza kwa moyo mweupe.

"Masikini," akasema. "Sasa wakigawana mashamba wanajuaje?"

Hapo nilimwambia jambo ambalo tangu nilisome nilikuwa natafuta wa kumwambia. Warumi walitenga kama sisi. Ndugu wa baba walimwita "patruus", ndugu wa mama "avunculus". Waingereza wa kale nao walikuwa na maneno yao mawili. Wanormani walipotoka Ufaransa wakaitwaa nchi ile mwaka 1066, Kifaransa kikaingia ndani ya Kiingereza, na baada ya muda maneno yale mawili ya asili yakapotea, likabaki moja lililopitia Ufaransa. Na hilo lililobaki, "uncle", limetoka kwenye "avunculus".

"Yaani?" akauliza.

"Yaani mama, anko wa Kiingereza mwanzoni alikuwa mjomba tu. Hao wengine wameingia baadaye."

Bibi akamtazama mwanawe, aliyekuwa amejikunyata pembeni na mkono wake laini, hajaongea tangu pilau. "Umesikia?" akamwambia. "Hata kwao ni wewe. Sogea ule keki ya mwanao." Fundi akasogea. Alikula vipande vitatu na hakusema lolote kuhusu magadi.

Usiku nilisikia marka inakwaruza karatasi chumbani kwa Profesa mpaka saa tano. Nilimwacha.

Asubuhi nilitoka kutafuta chai nikakuta nyumba imebandikwa karatasi kila mahali. Kwenye kipakti: SODA, SIYO PAUDA. Kwenye mkebe wa vijiko: KIDOGO NI CHA CHAI. Mlangoni kwa jirani, nilikuja kuambiwa baadaye: MAUA YAKO, SAMAHANI. Mkaguzi alikuwa na karatasi mgongoni, USIMWACHIE CHAKI, na ameshakula ncha yake moja. Juu ya kochi Fundi alikuwa amelala, blanketi limemfunika uso, na karatasi imeegemezwa miguuni pake: MJOMBA.

Nikatoka uani. Kopo la thina lilikuwa pale pale nilipoliacha, limepigwa na umande. Profesa alikuwa amefunika lebo yote kwa karatasi nyeupe na kuandika kwa herufi kubwa, INAWAKA. Chini yake, kwa mwandiko wa kulala ninaoujua kutoka kwenye kadi zote za mke wangu za shule, Bibi alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu neno moja, SANA, na kwenye mabano HATA TUPU, na pembeni ameweka alama ya vyema.